Pentasi inapogoma: dalili, sababu na la kufanya

Muuza miche wa kando ya barabara atakuambia pentasi haina shida, na kwa sehemu kubwa anasema kweli. Ni mmea wa kwetu. Asili yake ni ukanda unaoanzia Yemen na Ethiopia, ukashuka Kenya na Tanzania hadi Msumbiji na Komoro, na huko porini hustawi pembezoni mwa misitu na vichakani bila mtu wa kuumwagilia. Huishi miaka kadhaa, hautambai, hauna miiba, na ukipogolewa hukaa kichaka kifupi cha sentimita 60 hadi 90 kilichojaa vichala vya nyota ndogo za petali 5. Kwa mwenye ua mdogo anayetaka vipepeo bila kugeuza kiwanja kuwa pori, sioni wa kushindana nao. Lantana, ambayo wengi huipanda kwa nia hiyohiyo, ilitoka Amerika ya tropiki, imevamia malisho ya Afrika Mashariki na ni sumu kwa mifugo.

Lakini pentasi nayo hugoma, na mara nyingi kinachoigomesha ni huruma iliyopita kiasi: maji kila jioni, mbolea kila mwezi, dawa kwa kila mdudu anayeonekana. Kwa hiyo kabla hujaongeza chochote, angalia mambo mawili. La kwanza, jani lililoharibika ni lipi: kuukuu la chini au changa la juu? La pili, chomeka kidole udongoni mpaka kiishe: kuna unyevu au pakavu? Majibu ya maswali hayo mawili yanaondoa nusu ya kubahatisha.

Majani yamejaa, maua hakuna

Hesabu saa za jua kwanza. Pentasi inataka jua la moja kwa moja kwa saa 6 au zaidi kwa siku. Chini ya mwembe au nyuma ya ukuta mrefu itaishi, itakuwa ya kijani, na haitakupa maua ya maana. Watu hupanda Januari jua likiwa upande mmoja, kisha Juni kivuli cha ukuta kinahamia palepale penye miche, nao wanadhani mmea umeugua. Tazama kivuli kinavyotembea, hasa mwezi wa sita na wa kumi na mbili, ndipo uamue pa kupanda.

Kama jua lipo, shuku mbolea. Urea na CAN ni naitrojeni, na naitrojeni ni chakula cha majani. Pentasi iliyopandwa jirani na mchicha au mahindi ya uani hupata mgao usio wake. Acha kuweka mbolea ya kukuzia kwa msimu mzima. Samadi iliyooza vizuri, ndoo moja ndogo kwa kila shina mwanzoni mwa masika, inatosha mwaka mzima kwenye udongo wa kawaida. Samadi ya kuku iliyo mbichi usiilete kabisa, itaunguza mizizi.

Sababu ya tatu ni vichala vilivyozeeka. Kichala kikishakauka kikabaki juu ya tawi, mmea hauharakishi kutoa kingine. Kikate pamoja na jozi ya majani iliyo chini yake, na kwenye makwapa ya majani yanayobaki yatatoka machipukizi mawili, kila moja na kichala chake.

Shina refu, tupu chini, limelala

Hili ndilo linaloharibu sifa ya unadhifu. Mmea unakuwa miguu mirefu mitupu na kofia ya majani juu, na mvua ya kwanza ya nguvu inaulaza. Wengine hukimbilia kuuegemeza kwa vijiti. Kijiti kinasimamisha shina, lakini chanzo kinabaki palepale.

Chanzo kimojawapo ni kivuli, tumeshakisema. Kingine ni kwamba mmea haukukatwa ncha ulipokuwa mchanga. Mche ukifika sentimita 15 hivi, kata kilele chake kwa kucha, juu kidogo ya jozi ya majani. Utaona uchungu, kwa sababu mara nyingi ndicho kilele chenye ua la kwanza. Kata tu. Matawi yanayofuata yakifika urefu wa kiganja, nayo yakate ncha. Mche uliokatwa mara mbili namna hii huanza maua umechelewa kidogo, lakini ukianza unakuwa na vichala vingi na umesimama wenyewe.

Kwa mmea ambao umesharefuka, usikate wote kwa siku moja mpaka kwenye mti mkavu. Pentasi kuukuu haichipui kwa urahisi kutoka kwenye shina lisilo na jani hata moja. Kata theluthi ya matawi, yale marefu zaidi, ukiacha angalau jozi mbili za majani mabichi kwenye kila tawi. Subiri machipukizi yaonekane, ndipo ukate yaliyobaki. Wakati mzuri ni mvua zinapokaribia. Ukikata katikati ya kiangazi kikali, mmea hauna nguvu ya kujijaza upya.

Nafasi nayo ina lake. Miche midogo ya kitaluni inadanganya, mtu anaweka sita mahali pa mitatu ili pajae haraka. Baada ya mwaka inasukumana kwenda juu kutafuta mwanga. Sentimita 45 kati ya shina na shina ni kiasi kizuri kwa aina ndefu, na 30 kwa zile fupi zilizoboreshwa kwa ajili ya vyungu.

Majani yamegeuka manjano

Hapa ndipo watu wanapoharakisha kuliko pote, kwa sababu manjano husomwa kuwa ni njaa. Manjano ziko nne, na kila moja ina dawa yake.

Majani ya chini yakipauka kote kwa pamoja, mishipa na vyote, huku ya juu yakiwa ya kijani: hiyo ndiyo njaa ya naitrojeni, na samadi itaitibu. Hutokea zaidi kwenye mchanga wa pwani, ambako mvua kubwa hupitisha rutuba chini ya mizizi.

Majani machanga ya juu yakiwa manjano huku mishipa yake imebaki kijani, mizizi inashindwa kuchukua chuma. Lawama hupewa udongo wa matumbawe wa Mombasa, Kilifi au Unguja, na ni kweli udongo ule ni wa chokaa. Ila pentasi ni hodari wa kuvuta chuma, kwa hiyo mara nyingi hustahimili pale ambapo maua mengine yameshindwa. Kabla hujalaumu matumbawe, chimba. Kwenye nyumba mpya utakuta vifusi, plasta iliyomwagwa na saruji iliyogandia chini ya tabaka jembamba la udongo mwekundu ulioletwa kwa lori. Ondoa vifusi, jaza mboji. Kama hakuna vifusi na kidole kinakuta tope, basi punguza maji: mizizi iliyokosa hewa nayo haichukui chuma.

Ya tatu ni kinyume chake, na ndiyo inayowababaisha hata wenye uzoefu. Majani kuukuu yanaanza kuwa na madoa madogo ya kahawia au zambarau iliyoiva, yanasambaa, kisha jani linaonekana limechomwa. Mtu anasema ni ukungu, ananunua dawa ya ukungu, anapuliza wiki baada ya wiki, na madoa yanaendelea. Ule uhodari wa kuvuta chuma ndio umeugeukia mmea. Kwenye udongo wenye tindikali nyingi, kama ule mwekundu wa maeneo ya chai, chuma huyeyuka kwa wingi, nayo pentasi inavuta mpaka inajisumu. Wakulima wakubwa wa maua ya vyungu wanaujua ugonjwa huu, ndiyo maana kwenye pentasi hushikilia pH (kipimo cha tindikali ya udongo, namba ikishuka tindikali imezidi) ya kati ya 6.5 na 6.8, juu kidogo kuliko ya maua mengi. Ukiwa Limuru, Mufindi au Rungwe na madoa yameanzia chini, pima udongo kabla ya kununua dawa yoyote. Maabara za udongo zipo: chuo kikuu cha kilimo cha SUA Morogoro, na taasisi za utafiti wa kilimo, TARI Mlingano kule Tanga, KALRO Kabete kwa walio Nairobi. Chokaa ya kilimo ndiyo tiba, au konzi moja ya majivu ya kuni kuzunguka shina, yakachanganywa na udongo na kumwagiliwa, kisha uache miezi kadhaa uone. Na acha mbolea ya SA (salfeti ya amonia) na urea, zote mbili huongeza tindikali.

Ya nne huanzia ukingoni. Kingo za majani zinakauka, zinakuwa za kahawia na kukunjika, na juu ya udongo wa chungu kuna utando mweupe. Hiyo ni chumvi. Visima vingi vya Dar es Salaam karibu na bahari vina maji ya chumvichumvi, na Kitengela nako wanalijua tatizo hilo. Kinga maji ya mvua kwenye ndoo, mwagilia chungu mpaka maji yatiririke sana kwa chini, rudia mara mbili tatu. Mmea wa ardhini husafishwa na masika yenyewe. Mzee mmoja anayetunza bustani za watu mtaani kwetu huonja maji ya bomba kwa ncha ya ulimi kabla ya kukubali kazi. "Mama, maji haya hata mimi sinywi," alimwambia mwenye nyumba mmoja, "maua yako yatakunywaje?"

Kwa wa nyanda za juu kuna manjano nyingine ya msimu. Juni hadi Agosti usiku ukishuka karibu na nyuzi 10, pentasi inasimama, majani yanapauka au kuingia uzambarau. Usiweke kitu. Joto likirudi itaendelea. Njombe na maeneo yanayopata sakitu, yaani umande unaoganda, ni habari nyingine: hapo ipande kwenye chungu uihamishie barazani usiku.

Imenyauka na udongo una maji

Kunyauka saa 7 mchana kwenye jua kali si ugonjwa. Angalia saa 12 jioni au alfajiri. Ikiwa imesimama, achana nayo.

Ikiwa bado imelegea na kidole kinatoka na tope, mizizi inaoza. Kosa la kawaida ni kuona mnyauko na kuongeza maji, na hapo mmea unamalizwa. Ng'oa kwa uangalifu uone: mzizi mzima ni mweupe na mgumu, uliooza ni wa kahawia na ganda lake linavuka ukilivuta kwa vidole. Mmea uliofika hapo hauponi kwa urahisi. Chukua vipandikizi kwenye ncha ambazo bado ni ngumu, mengine yatupe. Kisha shughulikia udongo. Mfinyanzi mweusi wa Athi River au Syokimau hauhitaji mchanga kidogo wa kuchanganya, unahitaji tuta. Inua kitanda sentimita 20 hadi 30 juu ya usawa wa uwanja, panda juu yake.

Mche uliokatwa kwenye usawa wa ardhi usiku mmoja, ukalala mzima pembeni, hiyo ni kazi ya sota, kiwavi anayejificha udongoni. Fukua udongo uliozunguka shina asubuhi hiyohiyo, utamkuta amejikunja. Mche unaofuata uzungushie kipande cha chupa ya plastiki iliyokatwa pande zote mbili, kizame sentimita 3 ardhini.

Wadudu

Majani yenye vidoa vyeupe vidogo mno na utando mwembamba chini yake ni utitiri, na hupenda kiangazi na vumbi. Weka karatasi nyeupe chini ya jani, ligonge: vidoa vikitembea, umewapata. Maji ya nguvu chini ya majani, asubuhi kwa siku kadhaa, huwapunguza sana. Wadudu mafuta, inzi weupe na vidung'ata hufa kwa maji ya sabuni, kijiko kimoja cha chai kwa lita moja, jioni, ukilenga chini ya majani na kukwepa maua. Mafuta ya mwarobaini vivyo hivyo. Mwarobaini ni wa asili, lakini nyuki aliyelowa nao hajali asili yake.

Viwavi wakubwa wenye pembe moja mkiani ni watoto wa nondo wale wanaonyonya maua hewani bila kutua. Pentasi ni ya familia moja na mbuni, na wapo nondo wa aina hiyo wanaozaliana kwenye familia hii. Kiwavi mmoja anaweza kumaliza tawi kwa siku chache na tawi likarudi. Umepanda ili wadudu waje, huyu naye amekuja.

Maua yapo, wageni hawaji

Malalamiko haya ndiyo ninayoyasikia zaidi, hasa kwa mtu aliyeambiwa pentasi ni ya nyuki. Chukua ua moja dogo, lichane kwa urefu kwa ukucha. Utaona mrija mwembamba, mara nyingi wa sentimita 2 au zaidi, wenye vinyweleo mlangoni, na mbochi, ule utomvu mtamu wa ua, uko chini kabisa. Ulimi wa nyuki wa asali ni karibu milimita 6. Hafiki. Atapita, pengine akusanye chavua mlangoni, aondoke. Ua hili limeumbwa kwa wenye ndimi ndefu: vipepeo, nondo, na ndege chozi mwenye mdomo wa kupinda. Nyuki bebe wakubwa weusi huja wakatoboa mrija kwa ubavuni na kuiba. Ukitaka nyuki wa asali na nyuki wadogo wasiouma, panda kivumbasi au mrehani pembeni uuache utoe maua. Viwili hivyo kwa pamoja vinatosheleza ua mzima.

Kama hata vipepeo hawaji, angalia mahali na saa. Kipepeo anahitaji mwili wake upate joto ndipo aruke, kwa hiyo maua ya kivulini hayatembelewi hata yakiwa mazuri. Simama hapo kati ya saa 3 asubuhi na saa 6 mchana, siku isiyo na upepo. Pwani wakati wa kusi, kitanda kilicho wazi upande wa bahari hakikaliki, kihamishie nyuma ya ukuta au ua wa michongoma. Na shina moja kwenye chungu halionekani kutoka mbali. Panda matano au zaidi kwa pamoja, rangi moja, kuliko kutawanya moja moja uwanja mzima. Wageni wa jioni, wale nondo, huvurugwa na taa ya ulinzi inayowaka juu ya maua usiku kucha. Igeuzie getini.

Kisha kuna dawa. Kama mmea ulitibiwa kwa imidacloprid, uwe kitaluni au kwako, dawa hiyo hunywewa na mizizi na kusambaa mpaka kwenye mbochi na chavua. Muulize muuzaji waziwazi amepuliza nini. Akijibu "dawa ya wadudu tu," kata maua yote ya mwanzo, acha mmea ujenge matawi mapya kwanza. Vilevile dawa ya mbu inayopulizwa ukutani kila jioni haiwachagui mbu.

Sababu iliyobaki haihusu pentasi kabisa, na ndiyo nzito kuliko zote. Pentasi ni mgahawa, wala si chumba cha kujifungulia. Kipepeo mkubwa mweusi na manjano, *Papilio demodocus*, hutaga kwenye majani ya ndimu na machungwa, na viwavi wake wakiwa wadogo wanafanana na kinyesi cha ndege. Jirani anayepuliza dawa mdimu wake, au wewe mwenyewe unayewabinya, ndiye anayewamaliza vipepeo wa pentasi. Yule wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi, *Danaus chrysippus*, hutaga kwenye mimea ya utomvu mweupe kama mpamba mwitu unaoota viwanja vitupu, ambao watu huufyeka kwa kuuona gugu. Wafugaji wa vipepeo wa mradi wa Kipepeo kule Gede, pwani ya Kenya, unaofanya kazi na wanavijiji wanaouzunguka msitu wa Arabuko-Sokoke tangu 1993, hawaanzi na maua. Wanaanza na mimea ya kulisha viwavi. Acha mdimu mmoja uliwe, majani ya mdimu mkubwa hurudi.

Inachanua mwaka mzima, mbegu haitoi

Rudi kwenye lile ua ulilochana. Kwenye mmea mmoja utaona kiuzi chenye ncha mbili kimechomoza nje ya mlango, na vifuko vya chavua vimejificha ndani ya mrija. Kwenye mmea mwingine ni kinyume: chavua iko mlangoni, kiuzi kimebaki chini. Kila mmea ni wa aina moja tu maisha yake yote, na kwa kawaida mbegu hufungwa pale chavua ya aina moja inapofika kwenye aina ya pili. Kwa kuwa wengi wetu tumepeana vipandikizi kutoka shina moja la shangazi au la kanisani, mtaa mzima unaweza kuwa na aina moja. Tafuta shina la aina ya pili, lipande ndani ya mita chache, vipepeo watafanya kazi yao. Vipepeo wenyewe hawajali, mbochi upo kwenye aina zote mbili, kwa hiyo kama huhitaji mbegu hakuna kilichoharibika.

Ukizipata, mbegu ni ndogo mno na zinahitaji mwanga ili ziote. Zitandaze juu ya udongo laini uliolowa, usizifukie, funika trei kwa karatasi ya plastiki inayopitisha mwanga.

Kwa wengi kipandikizi kinatosha, na ndicho kinachotatua tatizo la mwisho: shina la miaka mitatu minne lililokomaa kuwa mti, lenye maua machache na madogo. Hilo halina tiba ya maana. Kata ncha zisizo na ua, sentimita 8 hadi 10, chini kidogo ya kifundo, ondoa majani ya chini, chomeka kwenye mchanga na mboji nusu kwa nusu, kivulini. Mizizi hutoka ndani ya wiki 2 au 3. Fanya hivyo wiki chache kabla ya mvua, ili masika yakianza miche iwe tayari na kile kisiki uwe umeshaking'oa.